Kipande cha Pili

Kujitolea: neno refu, na katikati yake
pana silabi moja ndogo, -ji-.
Hiyo ndiyo mimi.
Daftari la mishahara halinijui,
ila daftari la zamu linanijua kwa jina la baba na la babu:
usiku, usiku, usiku, Ijumaa mapumziko, usiku.

Nyumba yetu ipo Limbani, nyuma ya zizi la Bi Mize,
vyumba viwili, wanawake watatu, ufunguo mmoja
unaolala ndani ya kiatu kibovu barazani.
Raya anasomesha hesabu, naye bure kama mimi,
tangu Mfunguo Tatu anaambiwa "subiri kidogo".
Ediltruda anapima damu maabara. Katoka Mbinga
na mto wake, sufuria yake, rozari ndani ya kopo la kahawa.
Tunagombana kwa mambo makubwa:
nani kamaliza mkaa, nani kaacha ndoo tupu,
nani kala ndizi zenye jina.
(Raya huyaandika majina kwa peni, juu ya maganda.)

Jumanne nilichelewa. Mvua ya vuli, nguo zangu zote mbichi.
Nikachomoa kanga ya Ediltruda kwenye kamba ya ukumbini,
nyekundu, pindo jeusi, na maneno yake:
NILICHOPEWA SIGAWI.
Nikajitanda. Nitairudisha kabla hajaamka, nilijisemea,
kama mtu anayekopa chumvi.

Saa nane usiku umeme ukaenda zake.
Ndipo alipoletwa Hasina, mtu wa Kojani,
kavushwa maji, kisha pikipiki,
kabanwa katikati, baina ya dereva na mama yake.
Simu niliishika kwa meno, mwanga ukicheza ukutani
kwa kuwa meno yenyewe yalikuwa yakicheza.
Bi Nunuu, mkunga wetu, alisema neno moja tu: "Sugua."
Nikasugua mgongo ule mdogo.
Nikapuliza. Nikasugua. Nikahesabu, hesabu ikanipotea.
Alikuwa na kucha kamili, na nywele za kuchana.
Hakulia.
Aliyelia ni jogoo, huko nje, kabla ya wakati wake.

Mashuka ya wodi nayo yalikuwa mabichi.
Bibi wa mtoto akanitazama mabegani.
Hakuomba.
Nikaivua.

Njiani asubuhi watu walishaanika karafuu kwenye majamvi.
"Za kazi, daktari?"
"Nzuri."
Kwani huwa tunajibu nini kingine?

Ediltruda kasimama kambani, vibanio mkononi.
"Kanga yangu." Wala halikuwa swali.
"Alinifunga mama ile, siku naondoka."
Nikasema nitailipa.
"Kwa mshahara upi?" Raya akacheka,
akaniangalia usoni, akaacha kucheka.
Nikaingia ndani, nikalala na viatu.

Sikumwambia. Nilikuwa na maneno, hayakuwa na mlango.
Lakini maabara na wodi ya wazazi zinagawana ukuta,
na mdomo wa Bi Nunuu haujapata kufungwa.

Nilipoamka jua lilikuwa la alasiri.
Viatu vimevuliwa, sijui na nani.
Wali umefunikwa kwa sahani, ndizi mbili
hazina jina la mtu.
Na kando ya kichwa changu, kimekunjwa mara nne,
kipande cha pili cha doti ile.
Nilikuwa nimesahau kwamba kanga huzaliwa pacha.
Mkunjo ulikuwa umelimeza neno la mwisho.
Lililobaki juu ni moja:
NILICHOPEWA.

Sikukikunjua. Nilikaa nacho mapajani
mpaka ng'ombe wa Bi Mize wakarudi,
na zamu ikawa imebakisha saa moja.

Jikoni walikuwa wameshaanza tena,
nani kamaliza chumvi, nani, nani,
sauti ya Mbinga na sauti ya Wete zikipandana.

Nikapaza sauti kutoka chumbani:
"Mimi."