Mgongo wa Majivu

Tulitoka Kadutu saa kumi na moja, giza likiwa bado limelowa.
Shule ilitaka mzazi mmoja kwa kila watoto saba,
nikasema nitakwenda mimi, mama yake Ashuza,
mimi ambaye msitu naujua kwa ndoo tu:
ndoo ya makaa elfu mbili, nusu yake elfu,
na chenga zinazobaki gunia likikung'utwa, bure.

Novemba haikuulizi kama una mwavuli.
Kufika Miti barabara imekuwa uji.
Murhula anashuka, anaitazama, anaitukana kwa Mashi,
anapanda tena kwenye usukani. Tukapita
kama jino la mtoto linavyopita ufizi.

Tshivanga tuligawiwa barakoa.
"Mafua yenu yanaweza kuwamaliza," alisema mlinzi.
Nikacheka kimoyomoyo. Miaka yote hii
naogopa la msituni lisije mjini,
kumbe na msitu una la kutuogopea.

Kasula ametangulia na panga.
Hakati ovyo. Anasogeza jani kwa mkono,
likikataa ndipo anakata.
Mianzi imeinama kwa uzito wa maji,
upupu unapenya suruali,
tope linashika buti na kuliachia kwa mlio wa busu,
watoto wanacheka, mlinzi anaweka kidole mdomoni.

Anaonyesha kinyesi: "Cha leo."
Anaonyesha mwanzi uliotafunwa: "Sasa hivi."
Halafu pahali pasipo na kitu,
majani tu kama majani mengine,
anasimama. Hasemi na watoto. Anasema na mimi,
sijui kwa nini mimi.
"Hapa ndipo mama alipomzaa dada yangu."
Mvua ikajaza pale ambapo ningejibu.
"Siku hizi naingia kwa kadi." Akaigusa shingoni,
ikajizungusha kwenye uzi wake,
picha ikatazama upande wa kifua.

Tukamkuta amekaa.
Sijui nilitarajia nini, labda kifua kipigwe ngoma.
Amekaa tu, mikono amejikumbatia,
kichwa kimezama mabegani, maji yanamchuruzika puani,
vile watu wa Nyawera wanavyojibanza chini ya bati la duka
wakingoja ipungue,
kila mmoja na deni lake.
Mgongo wake mweupe mpaka kiunoni,
rangi ninayoijua kuliko uso wangu:
majivu ya asubuhi, kabla hujayapuliza.

Ashuza akanivuta mkono, akanong'ona ndani ya barakoa,
"Mama, makaa yetu yanatoka huku?"

Majibu ya wateja ninayo.
Ni ya mti mgumu. Hayana moshi. Yametoka mbali.
La mtoto sikuwa nalo.

Gorila akageuza jicho, kahawia, bila haraka,
akatupitia mmoja mmoja
kama mtu anayepita sokoni na hana shida ya kununua.
Kisha akarudi kwenye mvua yake.
Saa yetu ikaisha. Kwa kweli ilikuwa fupi,
au mimi ndiye niliyeitumia vibaya, nikitazama mgongo.

Kushuka tulipishana na kijana anasukuma baiskeli,
magunia mawili yamefunikwa nailoni ya buluu.
Tope lilimfika magotini. Alinisalimia kwa jina,
ni yeye huniletea kila Jumatano.
Kasula aliangalia kilima cha ng'ambo
kwa muda mrefu sana
kama vile kilima kingehama.

Usiku umeme haukuwepo. Maharagwe yalikuwa yamelowekwa tangu jana.
Niliweka mbabula mlangoni, nikapanga makaa, nikapuliza.
Nilipika, ndiyo. Watu sita hawali aibu.
Ashuza alikula yote, akakwangua sufuria,
akalala na buti zake pembeni, hataki zioshwe.

Majivu sikuyamwaga usiku ule.
Njia ilikuwa inateleza.
Yalibaki kwenye karai karibu na mlango,
na kila nilipoamka kuangalia kama paa linavuja
nilipita pale taratibu.