Isipokuwa

Sheria ya kwanza niliipiga mimi, Ruwi,
kwa taipureta iliyokwama kwenye nuni,
mwaka wa sabini na tatu, feni ikilalama.
Nimetoka Unguja juzi tu, vyeti viwili mkobani
na Kiarabu cha kubabaisha.

Saa za kazi. Likizo. Fidia ya kidole kilichokatika.
Kisha mstari mfupi:
isipokuwa watumishi wa majumbani.
Nikatia nukta, nikanywa kahawa.

Mafuta yakapanda, yakaporomoka,
sheria ikafumuliwa, ikashonwa upya.
Waajiriwe wananchi kwanza.
Adhuhuri ya kiangazi, mjenzi akae kivulini.
Mfanyakazi ahame bila idhini ya tajiri wake.
Na mimi yule yule, sasa kwa kompyuta,
nabandika neno lile lile.

Nimestaafu. Saa tano za usiku
Nyevu, mtu wa Kinango, anakosha masufuria.
Nilipomsimulia hayo hakugeuka. Aliuliza tu:
“Bibi, hilo neno uliliandika kwa mkono upi?”

Paspoti yake imo kabatini mwangu,
chini ya mashuka ya Idi.
Ufunguo nimeuvaa shingoni
kama hirizi.