Vitu Yangu

Mchana naliandikia bohari la saruji la Bwana Cirhuza:
mifuko iliyoingia, mifuko iliyotoka, mifuko iliyolowa.
Lugha ya kazi ni ile aliyoikuta ndani ya mashine
alipoinunua kwa mtu aliyekuwa anahama.
Lugha kongwe. Inakohoa kila mwisho wa mwezi,
nami naipigapiga mgongoni, inatema hesabu,
napokea franga zangu, nalipa nyumba, nanunua sombe.

Usiku, huku Kadutu, umeme ukirudi saa saba
kama mgeni asiyebisha hodi,
naamka. Pasi siigusi.
Nafungua lugha yangu mimi.

Haina jina bado. Ina maneno kumi na tisa.
La kuanzia ni *haya*, la kukomea ni *basi*,
penye njia panda ni *labda*,
na kazi ya kurudiwa ni *tena*,
tena, tena, mpaka mtu aseme basi.

Uti wake wa mgongo ni ngeli.
Darasa la tano, mwalimu Mwavita alitugongea meza kwa rula:
kitu changu kimepotea, vitu vyangu vimepotea!
Wenzangu walisikia rula. Mimi nilisikia mtambo:
silabi moja mbele ya jina
ikiteremka sentensi nzima kama maji mferejini,
ikilowesha kila kizingiti.
Miaka mingi baadaye, kitabu cha Kifaransa
chenye kurasa zilizopigwa fotokopi kichwa chini
kikanieleza kwa fahari kwamba namba ina aina yake
na neno lina aina yake, visichanganywe.
Nikasema: karibuni. Mmechelewa wapi?

Basi nikaunda mkaguzi, mkali kumpita Mwavita.
Mwandikie *vitu yangu*, atasimama mlangoni:
mstari wa nne, hawa wawili hawajuani, rudi.

Mugisho, niliyesoma naye, yuko Kigali.
Analipwa dola kuandika lugha asiyoipenda
kwa watu asiowaona.
Aliniuliza kwa simu, hiyo yako inakulipa nini?
Inanilipa usiku, nikamjibu.
Inakula usiku wako, akasema.
Hatukubishana. Kila mmoja alikuwa na haki yake.
Akanitafutia usaili hata hivyo.
Sauti ya upande wa pili ikaniuliza: unajua lugha zipi?
Nikaanza na Kimashi.
Kimya kikarefuka, nikadhani mtandao umekatika.

Jana mvua iliushukia mlima wa Funu kwa hasira.
Matope yakaingia kwa Nabintu, muuza sambaza,
yakabeba beseni, ndoo, mizani, kandambili,
naye katikati ya njia, kitenge mkononi:
*Vitu yangu! Vitu yangu inaenda!*
Tukakimbia. Hakuna aliyesimama mlangoni.
Fundi viatu aliruka na sindano bado mdomoni.
Mimi nilikamata ndoo, mtoto wa jirani beseni,
mizani hatukuipata.
Nabintu akahesabu, akakaa juu ya jiwe,
akasema: vitu yangu imerudi, Mungu awabariki,
na mizani ikazame vizuri.

Usiku nikamwita mkaguzi wangu.
Sikumfuta. Tumetoka naye mbali,
na kuna siku nahitaji mtu wa kunigongea meza.
Lakini nikamwandikia zamu mpya:
ukisikia *vitu yangu*, kimbia kwanza,
leta ulichoweza kukamata,
kisha, pakiwa na utulivu, nong'ona.
Mistari thelathini na moja. Ilikataa, ikakataa,
halafu ikakubali, nikapiga kofi gizani

maana umeme ulikuwa umeshaondoka
na sikuwa nimehifadhi.

Leo bohari limelowa pia. Mifuko mia mbili na kumi na mbili
imegeuka mawe, Bwana Cirhuza ameshika kiuno.
Nimechana karatasi ya mfuko mmoja,
nimekung'uta vumbi la kijivu,
nimeazima penseli ya fundi.
Juu kabisa naandika: *haya*.