Ukipata Nafasi

Njombe, Juni. Saa moja na nusu, nyasi za nje
bado nyeupe kwa sakitu,
na kompyuta ya chama inakohoa kabla ya kuamka.
Naweka kikombe juu ya daftari la risiti,
nafungua barua pepe.
Kumi na saba.

Sizijibu kwanza. Nazichambua
kama viazi mbegu: hiki cha kupanda, hiki cha chungu,
hiki kimeoza.
Kilichobaki nakihamishia kwenye faili langu,
faili la maandishi matupu, halina rangi wala picha,
mstari mmoja kazi moja,
tarehe mbele, kitenzi nyuma yake.

Watu hawaandiki tarehe.
Bwana Mtewele anaandika "mapema iwezekanavyo".
Mnunuzi wa Makambako, "mwanzoni mwa juma".
Mkaguzi anasema "siku si nyingi",
maneno ambayo bibi alikuwa akiyatumia kuhusu kiama.
Tuna kesho, tuna keshokutwa, mtondo, mtondogoo,
siku nne zenye majina yao kamili,
na bado mtu anakuandikia "hivi karibuni".

Basi nawapangia mimi.

[ ] 10 Juni   Hesabu kreti za Mtewele
[ ] 12 Juni   Peleka sampuli za parachichi Uyole
[ ] 13 Juni   Dai risiti ya dizeli. Usicheke.

Lakini kuna ujumbe mmoja. Ulifika Aprili,
Lutengano aliutuma kwa kompyuta ya shule, Lupembe,
hauna kichwa:
Mama hajambo. Anakuulizia tu. Njoo ukipata nafasi.

Niliupa tarehe 26 Aprili. Nikausukuma Mei.
Nikausukuma tena.
Faili langu halisahau; chini ya mstari limetunza
kila siku niliyoisogeza, saba,
zimeshuka moja moja kama vifungo vya koti
ambalo sijalivaa.

Na Lupembe si mbali. Ni basi moja na matope.

Leo naufuta mstari, nauandika upya,
naugawa, maana kazi kubwa hugawanywa:

[ ] 14 Juni   Nunua sukari kilo mbili
[ ] 14 Juni   Nunua betri za redio, zile nene
[ ] 14 Juni   Panda basi la saa nne
[ ] 14 Juni   Mama

Huu wa mwisho hauna kitenzi.
Nimekaa nao mpaka sakitu ikayeyuka nje,
nikijaribu: ona, salimu, sikiliza,
omba radhi.
Kistari kinapepesa mbele ya jina lake.
Simu inalia. Ni Mtewele,
anauliza kreti.