Kutikisa Finjani

Simu ya kamati ilikuwa kwangu, zamu ya mchana.
Simu rahisi, kioo kina ufa,
namba yake tumeibandika hadi milango ya vyoo
ya ukumbi wa Ibra, mkutano wa programu huria, mwaka wa sita.
Siku mbili ililia mara moja tu:
mtu kapoteza chaja.

Saa tisa na dakika kumi ikatetema.
Ghaniya, mgawa vitambulisho mlangoni:
"Bi Rayya, ukipata nafasi. Si jambo kubwa."
Miaka minne ya kazi hii imenifunza
"si jambo kubwa" huwa na ukubwa gani.

Nilimkuta nyuma ya makatoni ya maji.
Akaanza kwa kumtetea:
ni mcheshi, pengine ni mzaha,
pengine yeye Ghaniya alicheka ile mara ya kwanza.
Kisha yakatoka. Ujumbe kumi na mmoja, wa usiku.
Kuviziwa kwenye lifti ya hoteli.
Mkono begani wakati wa picha,
na aliposogea, mkono nao ukasogea.
"Nilimwambia hapana. Nilisema kwa upole."

Nikauliza jina, kalamu tayari.
Akalitaja.
Kalamu ikagoma.

Mundhir bin Nasor.
Aliyenifundisha kuandika msimbo jikoni kwa mama yake,
kompyuta imeegemea bakuli la unga.
Kiraka changu cha kwanza alikipokea yeye,
akaandika pembeni: Safi. Ongeza maelezo.
Programu yake ndiyo inayopanga foleni za zahanati zetu.
Bangoni, jina lake linaonekana toka barabarani.

Devika akasema tungoje amalize mada yake ya saa kumi na moja,
watu wametoka Salala kwa ajili yake.
Yaarub akasema tumwonye kwa mdomo, baina yetu, kindugu.
Ndugu wa nani?
Ghaniya ana kaka watatu. Hakuwaita.
Alipiga namba iliyobandikwa chooni.
Na zile kanuni, kurasa mbili,
aya ya tatu Mundhir ndiye aliyesahihisha nukta zake.

Ukumbini mtu alishanusa, akanizuia:
"Programu huria! Uhuru wenyewe uko wapi?"
Nikamjibu, "Kesho Jumatano.
Teremka soko la wanawake, ujaribu kuingia,
uwaulize wao uhuru uko wapi."

Tukamwita katika ofisi ya msimamizi wa jengo.
Kijana akaleta birika na tende.
Mundhir akanywa moja, akanywa ya pili, akazungumza:
wivu, fitina, vijana wa leo hawajui utani,
"na mnajua mistari mingapi humo ni yangu?"
Kijana alipoinama kummiminia ya tatu,
Mundhir, bila kukata maneno,
akatikisa finjani.
Kidogo tu, kwa vidole viwili.
Kijana akarudi nyuma na birika lake.

"Mwalimu," nikamwambia,
"umeona? Hakukuuliza kwa nini."

Akaitazama finjani muda mrefu.
Sijui kama alielewa. Sitaki kudai alielewa.
Nikaweka kiganja mezani. "Kitambulisho."

Saa kumi na moja Devika alipanda jukwaani:
mada imeondolewa. Hakusema imeahirishwa.
Theluthi ya viti ikabaki mitupu.
Nikaenda kumtafuta Ghaniya nimpe habari;
keshapanda basi la Sur,
ameacha vitambulisho vimepangwa kwa alifu na bee.

Usiku akapiga mama yake Mundhir.
"Rayya, umemvua mwanangu mbele ya watu?"
Nilitaka kusema utepe aliuvua mwenyewe.
Nikasema, "Shikamoo, mama,"
tukanyamaza wote wawili, simu inakula pesa.

Kompyuta ikaniuliza: toleo jipya liko tayari,
mtunzi Mundhir Nasor, je, usakinishe?
Nikabonyeza ndiyo. Zahanati zinafungua saa moja asubuhi.
Kitambulisho chake kingali mkobani,
pamoja na funguo na kipande cha ubani.

Nikaichomeka simu ya kamati kwenye chaja.
Kesho zamu ni ya Yaarub.