Gunia la Kibumba

Musubao karudi jioni, buti zimejaa tope la mlima.
Anasema gorila wamevuka tena,
kumi na wawili, mmoja mtoto, kabebwa mgongoni,
pasipo jeto wala karatasi ya chanjo.
Huko ng'ambo wageni wamelipa dola
kuwatazama saa moja.
Kwetu vimebaki viota,
alipovigusa bado vina joto.

Nikampakulia maharage.
Akala kimya, kisha akainamia babula,
akaokota kaa lililozimika,
akalinusa.

"Mti gani huu?"

Chukudu ilipita Majengo alfajiri,
gunia kwa bei ya nusu.
Nilijua. Naye alijua.

Akanawa mikono, akanawa tena.
Bidoni yetu ya mwisho.
Sikumzuia.