Tarehe ya Kompyuta

Nimechomoa waya, nimehesabu hadi thelathini,
nimeuchomeka tena. Modemu inawaka taa zote nne.
Simu ya Kahindo iko hewani, ya jirani pia.
Ni wewe tu, mzee wa plastiki, unayekataa.

Habamungu kasema: tupa, nunua nyingine.
Mimi nikafuta vumbi, lile jeusi la Goma
linaloingia hata kwenye chumvi,
ndipo nikaona, pembeni kule chini:

tarehe mosi Januari, 2002.

Kumbe kabetri kako, saizi ya kifungo cha shati,
kamekufa, na kila umeme ukikatika unarudi huko.
Mtandao unakuuliza leo ni tarehe ngapi,
unaujibu uongo, nao unakufungia mlango.

Huko uliko zimebaki siku kumi na sita.
Nyumba yetu ya Murara ina bati lake lote.
Mama anatwanga sombe,
baba kanunua rangi ya kijani ya dirisha,
na hakuna anayeutazama mlima.

Kidole kikakaa juu ya kitufe
muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

Kisha nikaandika mwaka.
Barua kumi na moja zikaingia kwa mpigo.
Ya kwanza, bili.